Umeme wa Banda la Gari

Magorofa marefu yamejaa Westlands siku hizi, lakini katikati yake zingaliko nyumba za zamani zenye ua mpana, na pembeni mwa ua banda la gari lililojengwa mbali na nyumba yenyewe. Zamani banda hilo lilihitaji taa moja tu. Leo mna pampu ya maji, friji kubwa, mashine ya kutobolea na chombo cha kuchajia betri ya gari. Na mara nyingi vyote hivyo vyategemea waya ule ule uliofukiwa ardhini kwa ajili ya ile taa moja. Basi si ajabu umeme wa banda ukikatika mara kwa mara. La ajabu ni kwamba watu wengi huanza kuutibu ugonjwa kabla ya kuujua.

Kwanza yafaa kufahamu kwamba kile kinachokata umeme ni mlinzi wa nyumba. Umeme wa nyumbani nchini Kenya huja kwa nguvu ya volti 240, na katika sanduku la swichi kila tawi la nyaya lina mlinzi wake. Mlinzi wa kwanza ni fyuzi, ama swichi ijikatayo yenyewe. Kazi yake ni kuukata umeme unapozidi kiasi ambacho waya waweza kuchukua pasipo kuungua. Mlinzi wa pili, ambaye nyumba nyingi za zamani hazinaye, hulinganisha umeme uendao na umeme urudio. Ukipunguka ule wa kurudi kwa miliampea 30, yaani sehemu 3 tu katika mia za ampea moja, huwa ni dalili ya kwamba umeme wavuja, labda kwa kupitia mwili wa mtu, naye hukata mara moja.

Mwenye busara hutafuta hitilafu kwa kutenganisha. Ajiulize kwanza: je, giza limeingia bandani tu, au nyumba nzima, au mtaa wote? Ikiwa majirani nao hawana taa, hilo ni shauri la kampuni ya umeme. Ikiwa nyumba ina umeme na banda halina, atazame sandukuni ni mlinzi yupi aliyekata. Kisha aizime swichi ya banda, achomoe plagi zote zilizomo pasipo kuacha hata moja, na awashe swichi mara moja tu.

Swichi ikikaa, achomeke vyombo kimoja kimoja. Kile ambacho kikichomekwa umeme hukatika ndicho chenye ugonjwa, nacho kiwekwe kando mpaka kitengenezwe. Ikiwa kila chombo chafanya kazi peke yake, lakini vikiwashwa pamoja swichi hukata, basi mzigo umezidi. Hesabu yake ni nyepesi: wati zilizoandikwa juu ya chombo zigawanywe kwa volti. Chombo cha wati 3,000 chavuta ampea 12 na nusu, na fyuzi kubwa itiwayo katika plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Vyombo viwili vya namna hiyo haviwezi kutumia soketi moja.

Lakini swichi ikikata hali plagi zote zimechomolewa, hitilafu imo katika nyaya zenyewe. Hapo mwenye nyumba aiache swichi imezimwa, amwite fundi, na amweleze aliyoyaona. Je, umeme hukatika wakati wa mvua za Machi hadi Mei tu? Labda maji yameingia katika kiungo cha waya au soketi ya nje. Je, hukatika tangu bustani ilipolimwa? Labda jembe limeugusa waya uliofukiwa. Je, taa hufifia kila pampu inapoanza? Huenda waya ni mwembamba mno kwa umbali ule, au kiungo kimelegea. Kiungo kilicholegea ni hatari ya namna ya pekee, kwa kuwa hutoa joto la kuwasha moto pasipo umeme kuzidi kiasi, wala fyuzi haitambui jambo lo lote.

Ziko dawa tatu zilizo mbaya kuliko ugonjwa. Ya kwanza ni kutia waya mnene, au hata msumari, mahali pa fyuzi. Fyuzi isipoungua, utakaoungua ni waya uliomo ukutani. Ya pili ni kumwondoa yule mlinzi wa pili kwa sababu anasumbua. Ya tatu ni kuukata waya wa ardhi katika plagi ili swichi isikate. Tangu siku hiyo bati la mashine laweza kushika umeme kimya kimya, na wa kwanza kuugundua atakuwa mtu asiye na viatu juu ya sakafu yenye maji, pengine mtoto aliyeagizwa kuleta ndoo.

Wala rangi za nyaya zisiaminiwe. Katika nyumba za zamani waya mweusi ulikuwa wa kurudisha umeme. Katika utaratibu mpya mweusi waweza kuwa ndio wenye moto. Fundi hupima kwa chombo chake kabla ya kugusa. Kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, kazi ya kutia nyaya yataka mtu mwenye leseni ya mamlaka ya EPRA, na yafaa mwenye nyumba aombe kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza.

Mambo haya yamhusu pia mkulima wa Limuru au Kiambu aliyepitisha waya kutoka nyumbani hadi ghala la mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Na watu wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, waonyeshwe swichi kuu ilipo. Mtu akinaswa na umeme asishikwe kwa mkono. Swichi hiyo izimwe kwanza, ndipo asaidiwe.