Protini Hatuioni: Tuifundisheje?

Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, akilifikia somo la vyakula, aghalabu huandika ubaoni kwamba protini hujenga mwili. Wanafunzi hunakili, na kipindi kikaisha. Maneno hayo ni kweli. Lakini mtoto akiuliza protini yenyewe ina umbo gani, na limejulikanaje, huambiwa aketi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo somo la sayansi lilipopaswa kuanza.

Njia mojawapo ya kulijua umbo hilo ni rezonansi ya sumaku ya viini vya atomi. Protini huyeyushwa majini, ikatiwa ndani ya sumaku yenye nguvu nyingi, ikapelekewa mawimbi ya redio. Viini vya haidrojeni huitikia, kila kimoja kwa namna yake kulingana na mahali kilipo, mfano wa wanafunzi waitikao majina ya mahudhurio. Viini viwili vilivyokaribiana, kwa umbali usiozidi nusu ya nanomita hivi, huathiriana. (Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa sehemu milioni moja.) Kwa kukusanya mamia ya masafa mafupi ya namna hiyo, wataalamu hulijenga umbo zima.

Kurt Wüthrich wa Zürich, Uswisi, alipotangaza mwaka 1984 umbo la protini lililopatikana kwa njia hii, wengi hawakusadiki. Ilidhaniwa kwamba limeigwa kutoka kwa protini ya jamii yake, ambayo umbo lake lilikwisha kupatikana kwa eksrei. Robert Huber, bingwa wa eksrei wa Ujerumani, akatoa shauri: ichukuliwe protini mpya, na kila upande uifanyie kazi peke yake. Ikachaguliwa tendamistati, yenye asidi amino 74. Majibu yalipolinganishwa, yalikuwa karibu sawasawa. Wüthrich alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Lakini sisi walimu tungelitazama zaidi lile shauri la Huber. Shaka haikunyamazishwa, bali ilipewa kazi ya kufanya.

Tena protini hazifanyi kazi kwa upweke, hushikana. Ili kujua zinaposhikana, mojawapo hutengenezwa kwa nitrojeni ya uzito wa 15 badala ya ile ya kawaida ya 14, isikike hiyo tu. Kisha nyingine huongezwa kidogo kidogo. Kwa kawaida miitikio inayobadilika ndiyo ya mahali pa kugusana. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwa rezonansi jinsi protini iitwayo kalmodulini inavyokikumbatia kipande cha kimeng'enya cha misuli. Mafungamano makubwa mno huwa magumu, kwa sababu hugeuka polepole majini na miitikio yake hufifia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya chuo kikuu. Mashine ni ya huko, naam. Hoja yake yaweza kufundishwa uwanjani kwa kamba. Kundi moja lichomeke vijiti sita mahali popote, lipime umbali baina ya kila viwili, yaani vipimo 15, na kuviandika. Kundi la pili, lililo nyuma ya darasa, lipewe vipimo hivyo tu na kuvichomeka vijiti vyake upya.

Mwalimu asifanye haraka kusahihisha. Huenda kundi la pili likapata umbo lililogeuzwa, kama mkono wa kushoto kwa wa kulia, na vipimo vyote 15 vikawa sahihi. Watoto watabishana, waachwe wabishane, kisha waulizwe ni habari gani iliyokosekana. Wataalamu nao hukabiliwa na swali hilihili, nao hulijibu kwa kuwa asidi amino zinazojenga protini za viumbe, isipokuwa ile iliyo sahili kupita zote, ni za mkono mmoja. Andalio la somo litenge vipindi viwili, kwani kupima peke yake humaliza cha kwanza, na vijiti visiguswe hadi ubishi utakapokwisha.