Dhahiri kwa Nani?

Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 inakataza kutolewa hataza kwa jambo ambalo lingekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa fani inayohusika. Mimi ni mwanaisimu, si wakili. Hata hivyo naona kwamba uzito wote wa kifungu hicho umebebwa na neno “dhahiri”, nalo halikamiliki mpaka tuulize: dhahiri kwa nani?

Tuangalie mifuko isiyopitisha hewa ambayo wakulima wa Kitui na Makueni huhifadhia ndengu na kunde. Aina mojawapo ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, uliofanywa nchini Kameruni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia. Wadudu humaliza oksijeni iliyomo, huacha kula, kisha hufa pasipo dawa.

Tuseme basi mtu anadai hataza ya utando mpya wa plastiki, wenye tabaka la kuzuia oksijeni. Ajuza wa Mwingi aliyezoea kuweka mbegu katika kibuyu kilichozibwa barabara atauliza ugeni uko wapi. Ana haki, kwa kuwa kanuni ya kuziba hewa ni ya kale. Lakini namna ya kuyagandamanisha matabaka yasibanduke ni swali la mhandisi wa plastiki. Mkaguzi hana budi kuyatenga mambo hayo mawili. Aidha, apime kwa ujuzi uliokuwapo siku ombi lilipowasilishwa, kwani kitendawili kikishateguliwa kila mtu hudai alikijua.

Hatari iko hapa. Sheria yenyewe inatambua pia elimu iliyotangazwa kwa mdomo au kwa matumizi. Mkaguzi, hata hivyo, hupekua maandishi, na ya kibuyu imehifadhiwa kwa Kikamba, vinywani mwa wazee. Mtu akidai kanuni nzima badala ya utando wake tu, ni karatasi gani itakayompinga? Mkulima atalipia alichorithi.

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa serikali za kaunti wajibu wa kuyasajili. Kitui na Makueni na zianzie ghalani, na ziandike kwa Kikamba na kwa Kiswahili, wangali hai wanaojua.