"Merchant", Bepari na Kosa Lisilokuwepo: Utetezi wa Anwani ya Mabepari wa Venisi

Imekuwa ada miongoni mwa baadhi ya wahakiki kuitaja anwani ya Mabepari wa Venisi (1969) kila wanapotaka mfano wa tafsiri iliyotiwa siasa. Hoja yao ni rahisi kuikariri. Shakespeare aliiita tamthilia yake The Merchant of Venice. Neno "merchant" maana yake ni mfanyabiashara, nalo liko katika umoja. Julius Nyerere akaandika mabepari, tena katika wingi. Kwa kuwa Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, miaka miwili tu kabla ya tafsiri hiyo kuchapishwa, basi kesi imekwisha: mwanasiasa alimpokonya mfasiri kalamu. Hukumu hii imesimama juu ya dhana mbili zisizo na ithibati. Ya kwanza ni kwamba neno la Kiingereza lina maana moja iliyotulia. Ya pili ni kwamba neno la Kiswahili lilizaliwa jukwaani.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. "Merchant" ni neno lililotoka katika Kifaransa cha kale, na asili yake ya mbali ni Kilatini, ambamo merx ni bidhaa. Katika Uingereza ya Shakespeare lilimhusu hasa mtu aliyesafirisha shehena ng'ambo, na ambaye hakuwekwa daraja moja na mwenye duka. Hata hivyo, Shakespeare huyo huyo alilitumia kwa dharau katika Romeo and Juliet, pale yaya anapomwita Mercutio hivyo kwa maana ya baradhuli tu. Baadaye, huko Scotland na Marekani, neno hilo likamteremkia mwenye duka. Nayo "merchant bank" ni benki isiyouza hata kibaba kimoja cha mchele. Bidhaa yake ni mtaji. Neno lililokwisha kutembea kutoka kwenye shehena hadi dukani, na kutoka dukani hadi kwenye mtaji, haliwezi kufanywa fimbo ya kumpimia mfasiri kana kwamba halijawahi kusogea.

Je, Kiswahili kilikuwa na neno gani lililo bora? Mfanyabiashara, jibu linalopendekezwa mara nyingi, humkusanya mwuza nyanya pamoja na mwenye merikebu, na kwa hiyo hulifuta kabisa daraja ambalo Kiingereza cha wakati ule kililishikilia. Mchuuzi ni mdogo mno. Tajiri lingefaa zamani, kwa kuwa katika Kiarabu ni mfanyabiashara hasa, na katika Kiswahili cha pwani lilimtaja pia mwenye mali na mwenye chombo. Lakini leo maana ya utajiri imelimeza, na tajiri anayekiri tangu mwanzo kwamba mali yake yote iko baharini na hana fedha ya kumkopesha rafiki yake angekuwa kichekesho.

Linabaki bepari, na hapa ndipo wapinzani wa anwani hii wanapojikwaa. Neno hili halikubuniwa na wanasiasa wa Dar es Salaam. Lilivuka bahari kutoka lugha za Bara Hindi, ambako maana yake ni mfanyabiashara. Lilipokelewa katika pwani ambayo mwuzaji na mkopeshaji walikuwa mara nyingi mtu mmoja: katika Unguja ya karne ya 19, Taria Topan alimkopesha Tippu Tip ili apate kufunga misafara ya bara. Maana ya mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine ilikuja baadaye. Hivyo basi, anayesema kwamba Nyerere aliliacha neno la biashara akachukua neno la siasa hajaifuatilia historia ya neno analolishutumu. Nyerere alichukua neno la biashara lililokuwa limeongezewa maana ya siasa. Kati ya maneno yaliyokuwapo, hilo ndilo lililobeba bidhaa na mtaji kwa pamoja.

Suala la wingi ni zito zaidi, na halijibiwi kwa kamusi. Hujibiwa na matini. Tamthilia hii ilipoandikishwa London mwaka 1598 ilipewa majina mawili, moja la mfanyabiashara wa Venisi na la pili la Myahudi wa Venisi. Wasomaji wa mwanzo, basi, walikwisha kuyumba kati ya watu wawili. Mahakamani, Portia anaanza kwa kuuliza yupi kati ya waliosimama mbele yake ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi. Swali hilo limo katika matini ya Kiingereza, mfasiri hakulibuni. Katika onyesho hilo hilo Shylock anawakumbusha wakuu wa Venisi kwamba wao nao wana watumwa waliowanunua, na kwamba hawako tayari kuwaachilia huru. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa uzito wa maneno hayo. Mji ambao mwili wa mtu hununuliwa kihalali hauna bepari mmoja.

Yapo pingamizi yanayostahili heshima. Antonio hukopesha bila riba, tena huilaani riba hadharani. Je, ni haki kumweka kapu moja na mla riba? Jibu limo katika mwisho wa kesi: mali ya Shylock inapogawanywa, Antonio huyo huyo anaomba akabidhiwe nusu yake aishike hadi mwenyewe atakapokufa, ndipo impate Lorenzo. Aidha, Uingereza iliyomlea mwandishi haikujua ukuta kati ya biashara na riba. Sheria ya mwaka 1571 iliivumilia riba isiyozidi asilimia 10. Mwaka mmoja kabla yake John Shakespeare, babake mwandishi, mtengeneza glavu na mwuza sufu, alishtakiwa kwa kutoza riba kupita kiasi. Ukuta huo hujengwa na wahusika Wakristo wa Venisi ili dhambi ya mji mzima iangukie Myahudi mmoja. Wingi wa Nyerere unaubomoa. Kwa hiyo umoja unaotetewa kwa jina la uaminifu nao una itikadi yake, na itikadi hiyo ni kongwe na chafu kuliko ujamaa.

Hakuna anayedai kwamba tafsiri hii haikupoteza kitu. Upweke wa Antonio, unaobebwa na umoja wa anwani ya Kiingereza, umetoweka. Ipo pia hasara ambayo walalamishi hawaitaji kamwe. "Merchant" na "mercy", yaani mfanyabiashara na huruma, ni maneno yenye asili moja ya Kilatini, na hotuba mashuhuri ya Portia kuhusu huruma inatamkwa mbele ya watu wanaodaiana. Kiswahili hakina jozi ya namna hiyo, wala hakuna mfasiri ambaye angeweza kuiumba. Hiyo ndiyo hasara ya kweli ya anwani hii, lakini haionekani kwa macho yanayotafuta siasa peke yake.

Mwanafunzi anayefundishwa kwamba mabepari ni kosa anafundishwa jambo baya zaidi: kwamba Kiingereza ndicho chenye maana, na Kiswahili kina itikadi tu. Uhakiki wa tafsiri unaostahili jina hilo huanza kwa kuzichunguza historia za maneno yote mawili, kisha ukarudi kwenye matini kuuliza ni lipi kati ya maana hizo matini inalihitaji. Wanaomshutumu mfasiri wa Mabepari wa Venisi wana wajibu wa kuonyesha onyesho ambalo anwani yake inalipotosha. Hadi watakapolionyesha, anwani hiyo ihesabiwe kuwa usomaji makini wa tamthilia, uliofanywa na mtu aliyezijua lugha zote mbili.