Jina na namba ya toleo havitoshi

Sensa ya 2002 ilihesabu watu 412,683 katika Wilaya ya Mpanda, iliyokuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa. Sensa ya 2012 ikahesabu watu 179,136 katika Wilaya ya Mpanda. Kompyuta inayolinganisha majina peke yake itatangaza kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Mpanda walitoweka katika miaka 10. Hakuna aliyetoweka. Mwaka 2012 ulianzishwa Mkoa wa Katavi, Mlele ikahesabiwa peke yake kwa watu 282,568 na Mpanda Mjini kwa watu 102,900. Mkoa mzima ulikuwa na watu 564,604, na kufikia sensa ya 2022 idadi hiyo ilikuwa imeongezeka hadi 1,152,958. Baadaye, iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda ikaitwa Tanganyika. Ofisa takwimu wa Katavi hahitaji kufundishwa hatari ya kuamini jina moja lililobeba mambo tofauti kwa nyakati tofauti. Hatari hiyo hiyo imo ndani ya programu zinazoendesha huduma za umma mkoani humu, na dawa yake inajulikana.

Programu haiandikwi yote na mtu mmoja. Mtunzi huandika sehemu yake, kisha huazima vifurushi vilivyoandikwa na wengine, na kila kifurushi nacho huazima vingine. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa maagizo ya mashine, ndiyo inayopaswa kujua ni kifurushi kipi hasa kinachotajwa. Njia ya kwanza ni jina na namba ya toleo, tuseme 2.4.1. Kwa mazoea, namba ya kwanza ikipanda kuna mabadiliko yanayoweza kuvunja kazi za wengine. Ya mwisho ikipanda ni marekebisho madogo. Hiyo ni ahadi ya mwandishi tu, na ahadi huvunjwa hata bila nia mbaya. Watunzi wa GHC, kompaila ya lugha ya Haskell iliyoanzia Chuo Kikuu cha Glasgow, walikutana na jambo gumu zaidi: kifurushi kile kile cha toleo lile lile, kikijengwa juu ya matoleo mawili tofauti ya kifurushi kingine, hutoa vitu viwili visivyopatana. Ndiyo maana kitambulisho cha kifurushi kilichojengwa hubeba jina, toleo na mkia wa herufi unaotokana na jinsi kilivyojengwa na vile kinavyovitegemea. Mikia ikitofautiana, kompaila huvihesabu kuwa vifurushi viwili na kukataa kuvichanganya. Lugha ya Go nayo huweka kwenye faili la go.sum alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya kifurushi. Badilisha nukta moja tu, alama yote hubadilika na ujenzi husimama.

Hasara ya kutojua kilichomo imekwisha kuonekana. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa left-pad, kifurushi cha mistari 11, kwenye npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Baadhi ya wenye miradi hawakujua hata kwamba wanakitegemea. Desemba 2021 ukatangazwa udhaifu mkubwa katika Log4j, kifurushi cha kutunza kumbukumbu za programu za Java, na swali la kwanza kila mahali likawa: tunacho, na ni toleo lipi? DHIS2, mfumo unaopokea taarifa za vituo vya afya nchini, za Karema na Inyonga hapa Katavi zikiwemo, umeandikwa kwa Java. Mfumo huo hukipa kila kituo msimbo wa herufi na tarakimu 11, ili jina la kituo likibadilika historia yake isipotee. Ni uangalifu mzuri, na programu zenyewe zinastahili kama huo. Halmashauri tano za Katavi zikipokea mfumo wowote, zipewe pamoja nao orodha kamili ya vifurushi vyake, yaani jina, toleo na alama ya yaliyomo, na nakala ya orodha hiyo itunzwe hapa hapa mkoani.

Wapo watakaosema hilo ni jukumu la Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Viwango ni vyake, sawa. Lakini seva iliyo hospitalini ikigoma, anayeitwa usiku ni fundi aliye Mpanda, na bila orodha ataujenga mfumo upya kwa kubahatisha matoleo. Hoja nzito zaidi ni kwamba kufunga matoleo hufungia ndani pia udhaifu wa zamani. Ni kweli, iwapo orodha itaandikwa na kusahauliwa. Ikipitiwa kila toleo jipya linapotoka, hiyo hiyo ndiyo itakayoonyesha cha kubadilisha. Tena alama hailindi dhidi ya kila kitu: Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yalikuwa na mlango wa siri, na alama zake zingelingana barabara kwa kila aliyeyapakua. Hata hivyo, siku ile aliyekuwa na orodha alijua kwa dakika chache kama yamo kwake. Asiyekuwa nayo alilazimika kufungua mashine moja baada ya nyingine. Kuhusu gharama, orodha hiyo ni faili la maandishi linaloenea hata kwenye simu ndogo, na zana za ujenzi wa programu nyingi za leo hulitengeneza zenyewe. Kinachokosekana ni kifungu kimoja kwenye mkataba wa ununuzi kinachomtaka msambazaji akabidhi faili hilo.