FUNDI WA NYUMBANI: Usibadili Kiongozi Kabla ya Kuikagua Mashine



Sajini mmoja mstaafu alitujia na kibao cha mvule kilichochongwa jina la mjukuu wake. Herufi za kwanza zilikuwa safi, lakini za mwisho zilikuwa zimehama upande kiasi cha milimita tatu, na kibao kizima kikawa hakifai. Mzee alikuwa ameazimia kuchukua fedha za karo ili anunue kidhibiti kipya, yaani ule ubao wa umeme unaopokea amri za kompyuta na kuziongoza mota za mashine yake ndogo ya kuchonga mbao. Tulimsihi asubiri.

Mashine za namna hiyo, ambazo nyingi huchonga eneo la milimita 300 kwa 180, huongozwa mara nyingi na programu iitwayo Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway. Ingawa hukaa katika chipu ndogo, programu hiyo yaweza kutoa mapigo kama 30,000 kwa sekunde. Basi na tupige hesabu. Mota huzunguka mara moja kwa hatua 200. Kila hatua ikigawanywa mara 8, tunapata mapigo 1,600. Mzunguko mmoja wa skrubu ndefu huisogeza meza milimita 8. Kwa hivyo kila milimita yahitaji mapigo 200. Gawanya 30,000 kwa 200, utapata milimita 150 kwa sekunde, mwendo ulio mkubwa mno kwa mota na fremu ya mashine hiyo. Kidhibiti cha mzee hakikuwa na hatia ya uzito.

Tulizima umeme, tukatikisa kiungo kati ya mota na skrubu. Kijiparafujo chake kilikuwa kimelegea. Mota ilizunguka, skrubu ikabaki nyuma. Tulikikaza, na karo ikasalimika.

Hatusemi kwamba kidhibiti kisibadilishwe kamwe. Chafaa kubadilishwa kikiungua, au ukihitaji mota zaidi, au ukitaka kuchonga kwa kadi ya kumbukumbu pasipo kompyuta, au ukigawanya hatua mara 32. Hapo mapigo huwa 800 kwa milimita, na mwendo hushuka hadi milimita 37.5 kwa sekunde. Hapo vidhibiti vipya vya biti 32, vyenye programu kama grblHAL au FluidNC, vina faida ya kweli.

Ukiamua kubadili, shika utaratibu huu:

Kwanza, iamuru mashine ya zamani kwa alama $$, nayo itakuorodheshea vipimo vyake vyote. Vinakili katika daftari.

Pili, chomoa umeme na ungoje kidogo kabla ya kugusa waya. Kamwe usichomoe waya wa mota umeme ukiwaka, kwani waweza kukiunguza kiendesha mota.

Tatu, soma maelezo ya ubao mpya. Vidhibiti vingi vya kisasa hupokea volti 3.3 katika njia za swichi. Ukizipa volti 5 za zamani waweza kukiua siku ya kwanza.

Nne, jaribu mashine bila kisu. Iamuru isogee milimita 100, kisha upime kwa rula. Ikisogea 50 tu, usiilaumu. Huenda hatua zimegawanywa mara 16 huku kidhibiti kikidhani ni 8. Badili 200 iwe 400, upime tena.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: weka swichi ya dharura inayokata umeme wa mota na wa kisu kwa pamoja, mahali mkono unapofika upesi. Kitufe cha kusimamisha kilicho katika kompyuta ni ombi tu. Kidhibiti kikipotewa na akili, ombi halisikiki, na kisu hakijui mbao wala kidole. Watoto wasikaribie, na wewe uvae miwani.

Askari hukagua silaha yake kabla ya kuomba nyingine. Fundi naye na aikague mashine kabla ya kufungua mkoba wa nyumba.

Kazi njema, ndugu msomaji.