Kiingereza kwa Mtu Mzima

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu walishika kalamu bila ya haya. Lakini leo pale Ng'ambo, Tabora, mji wa misafara ya kale iliyoeneza Kiswahili hadi Ujiji, kama ilivyo huku Visiwani, mzazi hushindwa kumsaidia mwanawe wa sekondari kwa kuwa masomo yake ni ya Kiingereza.

Darasani mtu mzima huchelea kuchekwa. Mbele ya mwalimu wake peke yake hukosea, akasahihishwa, akaendelea. Tunaziomba Serikali zetu mbili ziwatumie walimu wastaafu kwa kazi hiyo, kwa ada nafuu. Kujifunza lugha ya kigeni si kuikana yetu. Elimu haina mwisho.