Mtoto anataka kuwa mtangazaji wa habari: mzazi aanzie wapi?

Saa mbili usiku ikifika, katika nyumba nyingi za Mwanjelwa jijini Mbeya na Kihesa mjini Iringa kuna mtoto anayesoma taarifa ya habari sambamba na televisheni. Ameshika rimoti kama kipaza sauti, mwishoni anataja jina lake, wadogo zake wanacheka na baba naye anacheka. Kicheko hukoma siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na mtoto yule yule anaposema, bila utani, kwamba anataka kusomea utangazaji.

Hapo mzazi hujibu kwa moja ya njia mbili. Wapo wanaokataa moja kwa moja na kuelekeza kwenye ualimu au uuguzi. Wapo pia wanaosema, "Sauti unayo, nenda redio ya hapo mjini ukajaribu bahati yako." Jibu la pili linaonekana la upole, lakini kwa sasa ndilo linaloweza kumpotezea mtoto miaka.

Zamani ilikuwa hivyo kweli. Redio binafsi zilipoanza kuenea nchini kuanzia miaka ya 1990, wapo walioingia studio kwa kipaji cha sauti tu na wakajifunzia kazini. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zimebadili hilo: anayefanya kazi ya uandishi wa habari, akiwamo anayesoma habari, anatakiwa kuwa na angalau stashahada ya fani hiyo, na kutambuliwa na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Kijana aliyeingia kwa mlango wa nyuma anaweza kutumika miaka mitatu, akazoeleka mjini, halafu akaambiwa akalete cheti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi ni kuhakiki chuo. Aliyemaliza kidato cha nne huanzia ngazi ya cheti na kupanda hadi stashahada, safari ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET na kozi yenyewe imo kwenye orodha yake, maana kuna vyuo vilivyosajiliwa kwa kozi nyingine. Kwa aliyefaulu kidato cha sita, Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho wengi bado wanakiita Tumaini, kimekuwa kikifundisha shahada ya uandishi wa habari kwa miaka mingi, na mzazi wa Mafinga au Makambako hahitaji kumpeleka mtoto Dar es Salaam ili aipate.

Ugumu halisi huanza baada ya mahafali. Iringa ina Ebony FM na Nuru FM, Mbeya ina Bomba FM na Baraka FM, na zipo nyingine, lakini wahitimu ni wengi kuliko viti. Wengi huanza kwa kile kinachoitwa kujitolea. Kijana anaamka saa kumi na moja, asubuhi anasoma muhtasari wa habari, mchana yuko kwenye kikao cha baraza la madiwani na kinasa sauti, jioni anahariri sauti kwenye kompyuta, na mwisho wa mwezi anapewa nauli, au hapewi. Kwa ufundi, hiyo ni shule nzuri kuliko darasa lolote, kwa sababu kituo kidogo humfundisha mtu mmoja kazi za watu watano. Kwa tumbo ni habari nyingine. Wakati huo ni mzazi anayelipa kodi ya chumba na chakula, na ni vyema familia ikae chini mapema na kukubaliana: tutamsaidia kwa muda gani, na baada ya muda huo nini kifuate. Kijana asiye na makubaliano hayo ndiye anayeanza kupokea bahasha kwa kila mtu anayemhoji.

Mzazi pia atambue tofauti ya kazi. Mtangazaji wa vipindi vya muziki na msomaji wa habari ni watu wawili. Msomaji mzuri wa habari kwa kawaida amewahi kuziandika. Ndiyo maana akikutana na jina la kijiji au tarakimu yenye makosa kwenye karatasi, anashtuka kabla hajaitamka.

Kuhusu matamshi, watoto wa ukanda huu wamechekwa vya kutosha. Kinyakyusa hakina sauti ya "r", hivyo aliyekulia Tukuyu anaweza kusema wananchi wamejitokeza kupiga "kula", au familia imepokea "mahali". Kwenye mazungumzo ya sokoni hakuna shida, lakini kwenye taarifa ya uchaguzi sentensi imeharibika. Hilo si ugonjwa wala upungufu wa akili, na wala halitibiwi kwa kumkataza mtoto lugha ya bibi yake. Hurekebishwa kwa mazoezi: dakika kumi kila siku za kusoma gazeti kwa sauti, kujirekodi kwa simu, na kujisikiliza. Kura na kula, mahari na mahali, dhambi na zambi, thelathini na selasini. Mama anayepika anaweza kuwa msikilizaji, na akishindwa kuelewa habari iliyosomwa, msomaji airudie.

Halafu kuna koo lenyewe, jambo ambalo vijana wengi hulikumbuka limeshaumia. Sauti hutoka kwenye nyuzi mbili ndogo ndani ya koromeo, zinazogongana mara nyingi mno kwa sekunde moja mtu anapozungumza. Zikilazimishwa kila siku, huvimba au huota vinundu, na sauti hubaki ikikwaruza. Baridi ya Juni na Julai inayoleta mafua, vumbi la kiangazi, moshi wa jiko la mkaa na wa sigara, vyote huongeza tatizo. Kelele za kushangilia mpira siku moja kabla ya zamu nazo zimo.

Mayai mabichi yanayonywewa "kulainisha sauti" hayafiki kwenye nyuzi hizo. Kinachomezwa hupita njia ya chakula, si ya hewa, na yai bichi laweza kuleta bakteria wa kuharisha. Maji ndiyo yanayosaidia, lakini yanywewe siku nzima, kwani kikombe kimoja mlangoni mwa studio hakitoshi. Mlo mzito wa usiku kabla tu ya kulala huleta kiungulia, na tindikali ikipanda hadi kooni huunguza nyuzi hizo usingizini. Sauti ikikauka, dawa ya kwanza ni kunyamaza, si kunong'ona, kwa kuwa kunong'ona nako kunaweza kuzichosha. Ikibaki imekwaruza zaidi ya wiki tatu bila kupona, kijana amwone daktari wa masikio, pua na koo. Pipi za kooni hutuliza maumivu bila kuondoa kinundu.

Wapo waliofika mbali kwa njia hii. Hayati Charles Hilary alianzia Radio Tanzania Dar es Salaam, akapita Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam, na alipofariki Mei 2025 alikuwa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Zuhura Yunus mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza kutangaza Dira ya Dunia ya televisheni ya BBC, na mwaka 2022 akateuliwa kuongoza mawasiliano ya Ikulu. Majina hayo mtoto anayajua tayari. Lipo jingine ambalo mzazi wa Iringa anapaswa kumweleza yeye mwenyewe.

Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa, aliuawa akiwa kazini, wakati polisi wakitawanya mkusanyiko wa wafuasi wa Chadema. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari polisi mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Aliondoka nyumbani asubuhi kwenda kuchukua habari, kama mzazi yeyote anavyoondoka kwenda kazini.

Mtoto hasimuliwi hayo ili aogope. Anasimuliwa ili siku atakapoitwa kwenye usaili, baada ya kusifiwa sauti yake, aulize mambo mawili: mkataba wa maandishi uko wapi, na bima yangu ni ipi? Sheria ile ile ya 2016 inayomdai stashahada inamtaka pia mwajiri wake amkatie bima na kumchangia hifadhi ya jamii. Wanaoijua sehemu ya kwanza ni wengi. Sehemu ya pili, hata wenye miaka kumi kwenye kipaza sauti, wengi wao hawajawahi kuitaja mbele ya bosi.